Sahani ya Nello

Jumamosi, 7 Oktoba

Presha 158 kwa 95. Daktari ameniagiza niandike namba hizi kila asubuhi, na kwa kuwa namba ni fupi na daftari ni refu, nafasi inayobaki nitaijaza kwa umbeya.

Tumefika Castelvespro, mimi na mke wangu Loredana, kwa wiki nne za mapumziko. Yeye ndiye aliyeitafuta nyumba kwenye simu: mawe ya kale, dirisha la kihistoria, bonde lote mbele yako. Aliponionyesha picha nilisema ni nzuri. Sikusema kwamba kioo cha dirisha hilo la kihistoria nilikivunja kwa jiwe nikiwa na miaka saba. Hilo nimemwambia leo, tukiwa tayari langoni mwa mji na mizigo mkononi.

"Yaani nimekukodishia nyumba yenu," akasema.

"Ilikuwa yetu. Sasa ni ya mtu wa Milano."

"Na ukanyamaza muda wote huu."

"Nilitaka uipende bila kushawishiwa."

Alinitazama kama anavyonitazama ninapoapa kwamba nimeacha chumvi.

Nilichukua ramani ya watalii, nikatembea nayo usoni kama mgeni yeyote. Miaka arobaini na sita si kidogo. Nilijua hakuna atakayenitambua. Mlangoni alitusubiri bibi mwenye ufunguo, ameinamia kikapu cha mayai. Nilimjua kwa mgongo. Zelinda, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Akainua kichwa, akanikagua kwa muda unaotosha kuchemsha yai.

"Nello," akasema.

Hakuuliza. Alisema kama mtu anayesoma kibao. Kisha akanishika mashavu yote mawili, machozi yakimtiririka bila yeye kuyajali. "Kaka yako Ettore, maskini, Mungu alimchukua. Lakini wewe nilijua utarudi."

Kumsahihisha kulihitaji maneno mawili tu. Mimi nikasema, "Shikamoo, shangazi Zelinda."

Niandike wazi, maana hata daftari lina haki ya kujua. Ettore ni mimi. Nello alikuwa mdogo wangu. Alikufa Torino kwa homa ya uti wa mgongo, Februari ya mwaka 1978, miezi minne baada ya sisi kuhama hapa. Alikuwa na miaka minane.

Jumapili, 8 Oktoba

162 kwa 96. Ukungu umepanda kutoka bondeni ukaufuta mji wote, umebaki mnara wa kanisa peke yake kama kidole.

"Kesho unamwambia," kasema Loredana.

"Kesho."

"Nimekuja likizo, Ettore. Sikuja kulala na marehemu."

"Marehemu anakoroma?"

"Huyu wangu anakoroma."

Jumatatu, 9 Oktoba

Sikumwambia. Mvua.

Alhamisi, 12 Oktoba

160 kwa 98, na sababu naijua. Kila siku saa tatu asubuhi Zelinda husimama chini ya dirisha na kuita, "Nello, umeamka?" Kisha hupandisha mayai mawili na kipande cha mkate kilicholowekwa divai nyekundu na kunyunyiziwa sukari. Nello alikuwa tayari kuuza roho kwa mkate huo. Mimi nilikuwa namtupia paka. Sasa, mtu mzima wa miaka hamsini na sita, mwalimu wa udereva mwenye presha, nakaa mezani nakula sukari ya marehemu huku bibi wa miaka themanini na minne akinihesabia matonge.

Leo alikaa kidogo, akataka tupange mambo ya Watakatifu Wote. Mwenye kusoma haya akiwa wa kwetu anajua: jioni ya tarehe mosi Novemba kila nyumba huwatandikia meza wafu wake. Kila mmoja sahani yake, mkate wake na bilauri yake ya maji, na jina lake huitwa kwa sauti sahani inapowekwa. Alfajiri ya tarehe mbili walio hai huamka kabla ya kengele, huacha vitanda vikiwa na joto ili waliotembea usiku kucha wajinyooshe, na wao huenda kanisani. Anayehama humkabidhi jirani wafu wake. Sisi tuliondoka na lori, mlima ulipoanza kumeguka na serikali ikazihamisha nyumba za ukingoni, yetu ikiwa ya mwisho, na baba hakumkabidhi mtu kitu. Mama aliishi na jambo hilo Torino mpaka anaingia kaburini, kama mwiba kwenye soksi.

"Nani aliwatandikia?" nikamuuliza Zelinda.

"Mimi, nani mwingine? Ufunguo ninao. Nawaambia wageni ni utamaduni, wananipiga picha. Mwaka juzi Wajerumani wawili walikula mkate wa babu yako."

"Babu angewasamehe."

"Babu yako hakuwahi kumsamehe mtu." Akanyoosha vidole, akahesabu. "Babu yako Settimio. Bibi yako Argia. Mjomba Duilio. Na kaka yako Ettore. Sahani nne."

Loredana alikuwa anakausha vikombe. Akaacha.

"Na yule asiyeitwa?" akauliza. Yeye ni mtu wa Torino, mambo haya huyasikia kama habari za mwezini. "Akisahauliwa mmoja inakuwaje?"

"Asiyeitwa haingii, binti yangu," Zelinda akamjibu. "Anasimama ngazini mpaka kengele ilie. Mwaka unaofuata anarudi kujaribu tena."

Nilimaliza mkate wangu wote.

Jumapili, 15 Oktoba

Ukungu siku ya nne. Unyevu umeingia ukutani. Kila Pasaka baba alitupima urefu kwenye mwimo wa mlango wa jikoni, akakwaruza alama kwa msumari, mimi kulia, Nello kushoto. Mtu wa Milano amezipaka chokaa nyeupe, lakini leo unyevu umezitoa nje, mistari ya kijivu, mmoja baada ya mwingine.

Loredana alisimama karibu na safu ya kushoto. Mstari wa mwisho ulimfika kifuani. Akaweka kiganja hewani pale juu ya mstari, kama mtu anayemgusa mtoto kichwani, kisha akakiondoa upesi na kwenda kuwasha jiko.

Jumanne, 17 Oktoba

164 kwa 97. Nilikwenda kwa Oreste mwenye baa, kahawa moja na aibu tele. Mji mzima sasa unaniita Nello. Oreste alisoma shule moja na sisi.

"Jina la kaka yako linasomwa kanisani kila mwaka," akaniambia. "Zelinda analiandikisha mara mbili, ili padri asije akaliruka."

"Alipendwa, basi."

"Ettore? Alikuwa mshenzi. Alinisukuma kwenye birika la mbuzi." Akanitazama mkono. "Lakini wewe si ulikuwa wa mkono wa kushoto?"

Nikahamisha kikombe mkono wa kushoto. Nusu ya kahawa ikaenda kwenye shati. Oreste akasema Torino inaharibu watu.

Sikumwambia kwamba alistahili lile birika.

Alhamisi, 19 Oktoba

Loredana kaniuliza tangu lini naruka ngazi ya tatu.

Ngazi zetu ni za mbao, na ya tatu hulia ikikanyagwa. Nello ndiye aliyekuwa akiiruka, kwa sababu kila alfajiri alitoroka kwenda kwa Zelinda, ambaye hakuwa na mtoto. Mimi sikuwahi kuiruka. Mimi nilikuwa napita juu yake kama ng'ombe.

Nilimwambia sijui anachosema. Kisha nikashuka kuchukua kuni, nikajikuta nimeiruka.

Jumamosi, 21 Oktoba

Jua. Hewa imesafishika hadi unaona theluji ya mbali. Tumeanza kuvuna mizeituni ya Zelinda, miti kumi na tisa chini ya ukuta wa mji. Yeye anakwangua matawi kwa reki ndogo, Loredana anakusanya nyavu, mimi nimepewa ngazi, kisha nimenyang'anywa ngazi.

"Shuka, Nello, kabla sijakuandalia sahani na wewe," kasema Zelinda.

Alicheka hadi akashika mti.

Jumatatu, 23 Oktoba

Leo kwenye mizeituni Zelinda ametaja mtungi.

Nilijua atautaja. Siku ya kuhama, Oktoba ya 1977, lori likiwa limeshapakiwa, Nello hakuonekana. Baba alimtafuta saa nzima huku mlima ukidondosha mawe. Zelinda alikuwa amemficha ghalani kwake, ndani ya mtungi mkubwa wa mafuta uliokuwa mtupu, ili abaki naye mpaka majira ya kuchipua. Nyumba ya Zelinda, iliyoanza pale zetu zilipoishia, ilihesabiwa salama. Wazazi wangetafuta makao kwa utulivu, mtoto angekuja baadaye. Haukuwa mpango mbaya. Nimeupima miaka arobaini na sita na sijaona kasoro yake.

"Ulikaa kimya kama zeituni," akaniambia, akikwangua tawi. "Hata chafya hukupiga. Ni Ettore. Nilimwona dirishani, amenyoosha kidole kuelekea ghalani kwangu."

"Alikuwa mtoto," nikasema.

"Wewe ulikuwa mtoto zaidi." Zeituni zilidondoka wavuni kama mvua ya kwanza. "Nina neno langu na Ettore. Namwambia kila mwaka, siku yake."

Nilikuwa na miaka kumi. Nilionyesha kwa sababu nilikuwa na wivu. Mimi hakuna aliyeniomba nibaki.

Jumanne, 24 Oktoba

Ukungu. 170 kwa 100.

Jumatano, 25 Oktoba

Jana alasiri nilikuwa kwenye kiti, Loredana yuko jikoni akimenya viazi, mlango wazi kati yetu. Tulisikia hatua ngazini. Moja. Mbili. Kimya. Nne.

Mbao za kale hutanuka kwa unyevu. Mimi ni mtu wa injini na breki, najua vitu hutanuka. Loredana alikuja na kisu na kiazi mkononi, akakaa karibu yangu mpaka wakati wa chakula, na hakuna aliyesema kitu kuhusu vitu kutanuka.

Jumamosi, 28 Oktoba

Tumepeleka zeituni kinuni. Mafuta ya kijani, makali, yanakwangua koo. Zelinda aliyaonja kwanza, akachovya mkate, akanilisha kwa mkono wake mbele ya watu wote wa kinuni. "Mwaka mzuri," akasema. "Mwaka alioletwa Nello."

Furaha ile usoni mwake. Naandika hili nijue baadaye nilikuwa nataka kuvunja nini.

Jumanne, 31 Oktoba

166 kwa 99. Zelinda kaja na uamuzi: kesho mimi ndiye nitakayeziweka sahani na kuita majina, kwa kuwa damu imerudi nyumbani. Yeye atasimama tu.

Alipoondoka, Loredana akavuta kiti.

"Ukiita jina lako mwenyewe mezani, ninakwenda kituo cha treni."

"Ana miaka themanini na minne. Nikimwambia, ninamuua Nello wake. Mimi, tena. Mara ya pili."

"Na usipomwambia?"

"Atakufa na furaha."

"Na huyu wa ngazini?"

Nilidhani atacheka baada ya kusema hivyo. Hakucheka.

Jumatano, 1 Novemba

Sitaandika namba. Mashine nimeiweka kabatini.

Zelinda alikuja jua likielekea kuzama, amevaa gauni jeusi na viatu vya kanisani, sahani nne kifuani zimefungwa kitambaa. Ukungu ulikuwa umebandikwa dirishani kama karatasi. Loredana alikuwa ametandika kitambaa cheupe. Tukasimama watatu kuizunguka meza ambayo si yetu, ya mtu wa Milano, mahali palepale ilipokuwa yetu.

Nikaweka ya kwanza. "Babu Settimio." Mkate, bilauri.

"Bibi Argia."

"Mjomba Duilio."

Ya nne ilikuwa ndogo, ya mtoto, ina jogoo wa bluu katikati. Niliijua. Ilikuwa sahani yangu. Labda aliokota vitu vyetu tulivyoviacha. Nikaishika, sikuiweka. Zelinda akadhani ni huzuni ya ndugu. Akanyoosha mikono, akaichukua kwa upole, akaiweka mwenyewe.

"Ettore," akasema. Kisha kwa sauti ya chini, kama mtu anayerudia jambo alilozoea: "Ettore, nisamehe kwa nilichokutendea."

"Ulinitendea nini?" nikauliza.

Hata sikuamua. Lilitoka tu. Yeye akageuka taratibu.

"Nimesema na Ettore, mwanangu."

"Ndiye anayekujibu, shangazi. Mimi ni Ettore. Niko hai, nina presha, na nimekudanganya tangu siku ya kwanza. Aliyekufa ni Nello."

Loredana alimsogezea kiti, naye akakaa kabla hakijafika vizuri. Hakulia. Alinitazama mkono wa kulia, kisha uso, kama anayetafuta uzi ulioponyoka.

"Lini?" akauliza.

"Februari ileile. Homa. Siku nne."

"Aliniulizia?"

Ningeweza kusema hapana. Nimeishiwa na uongo, nadhani, au uongo umeishiwa na mimi. "Aliomba mkate wa divai na sukari. Mama alimpa wa maziwa. Akasema si wenyewe."

Zelinda akafumba macho.

"Habari ilikuja bila jina," akasema hatimaye. "Dereva wa lori la ngano alisimama pale chini akaniambia: mtoto wa akina Balducci amekufa. Angeniambia ni yupi, kama ningemuuliza. Sikumuuliza. Nilisema moyoni, ni yule wa dirishani. Ni yule aliyenyoosha kidole. Nilikuchagua wewe, Ettore. Ulikuwa na miaka kumi nikakuzika, ili yule mwingine abaki. Nikakuandikia misa mara mbili, kwa hofu."

"Oreste anadhani nilipendwa."

"Oreste ni mjinga." Akajifuta pua. "Kila mwaka nimekuomba radhi."

"Nilikuwa hai. Sikusikia."

"Basi sikia sasa."

"Nimesikia. Na mimi nisamehe kidole."

Alinitazama. Kwa mara ya kwanza tangu nifike, alinitazama mimi. Nikaona anatafuta ndani ya uso huu mnene yule mtoto wa dirishani, na anampata, na halipendi kabisa jambo hilo, na hata hivyo hamwachii.

"Kidole kile kilinyooka sana," akasema. "Nitakwambia kesho kama nimekusamehe."

Ilibaki sahani. Kwetu sahani iliyowekwa haiondolewi mpaka asubuhi, na aliye hai kuwa na sahani mezani ni jambo ambalo hakuna aliyewahi kulifikiria, maana nani angefanya ujinga huo? Zelinda akafikiri. Kisha akanionyesha kiti.

"Kaa. Kula mkate wako, unywe maji yako, usiache hata chembe. Umalize kufa."

Nikala. Mkate ulikuwa mkavu na mtamu. Loredana akaiosha sahani ya jogoo, akaikausha, akamrudishia Zelinda. Zelinda akaloweka kipande kipya katika divai, akanyunyizia sukari, akakiweka juu ya jogoo. Akafungua mdomo kuita. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena, kisha akanisukuma kwa kiwiko kuelekea ngazini.

"Ulimtoa wewe. Mrudishe wewe."

Nikaenda hadi mlangoni pa ngazi. Kule juu palikuwa giza na harufu ya unyevu.

"Nello," nikaita. Ilisikika kama sauti ya baba akituita kula. "Nello, ingia."

Hatukusikia hatua yoyote. Nyuma yangu bilauri ya maji iliguswa na kitu, au na mtikisiko wa miguu yangu, ikalia mara moja, ndogo.

Alhamisi, 2 Novemba

Tuliamka kabla ya kengele. Tukaacha kitanda wazi, joto letu ndani yake, kama inavyotakiwa. Loredana alijifunga skafu bila utani.

Kuna chumba kidogo juu, tulicholala mimi na Nello. Mtu wa Milano ameweka humo kitanda kimoja cha mtoto, na tangu tufike hakuna aliyekilalia. Nilikuta mlango wake umerudishwa nusu. Ndani, kwenye kitanda kile kifupi, Zelinda, mwenye ufunguo, alikuwa amelala chali, amevaa gauni lake jeusi, viatu vimepangwa chini, mikono kifuani, macho yamefumbwa. Nikamsogelea.

"Shangazi."

"Nyamaza," akasema bila kufumbua macho. "Kitanda bado hakijapata moto."

Tukamsubiri koridoni, mimi na mke wangu, tumeshikana mikono. Mlangoni mwa jikoni, kule chini, taa ya ngazi iliangaza ile mistari ya safu ya kushoto. Kengele ilipoanza, Zelinda akatoka amevaa viatu. Akalipapasa shuka kwa kiganja kuhakikisha, akauacha mlango wazi, akanishika mkono ili nimshushe.

"Twende, Ettore. Padri atasoma jina lako mara mbili. Usiitikie."

Nikatangulia kushuka. Kwenye ngazi ya tatu niliweka mguu, kwa uzito wangu wote. Ikalia.